Mwali wa Miaka Thelathini na Minne

Jumatatu, 2 Septemba

Leo asubuhi nilianguka nikiwa nimembeba Hajra. Nilikuwa nimekwisha kumwogesha, nimevuka kizingiti cha ua, ndipo kiuno kikagoma. Sikumwachia. Nilikwenda chini kwa magoti, kisha kwa ubavu, naye akaja juu yangu. Hakuumia. Alicheka kwanza, halafu alipoona sinyanyuki akaanza kulia. Tulilala hapo uani, yeye na kanga yake moja, mimi na aibu yangu, hadi Safina muuza bagia alipopita na beseni kichwani akasikia sauti.

Safina anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nilimfundisha darasa la tano, na hakuwa mwanafunzi wa kujivunia. Alitua beseni, akamnyanyua Hajra kama mtu anayeokota nguo iliyoanguka kambani, akampeleka kitandani, ndipo akarudi kwangu.

"Mwalimu," akasema, "leo na wewe umepigishwa magoti kama sisi siku ile tuliposhindwa jedwali la saba."

Nilimpa mkono anivute.

Jumatano, 4 Septemba

Nimetoka hospitalini Mnero kwa bodaboda, safari ambayo yenyewe ni ugonjwa. Sista Letisia alinipima mgongo, akauliza:

"Bibi, nyumbani unanyanyua nini?"

"Mtoto."

"Ana kilo ngapi?"

"Thelathini na tisa."

"Mtoto wa miaka mingapi huyo?"

"Thelathini na minne."

Kalamu yake ilisimama. Kisha aliandika kwamba kwa miezi minne nisinyanyue kitu kinachozidi kidoo cha maji, na akaniambia kwa upole kwamba nikikaidi huenda nisitembee tena. Nilimwuliza ni nani basi atakayemnyanyua Hajra. Alisema, "Hilo, bibi, sina dawa yake."

Alhamisi, 5 Septemba

Daftari hili lina sababu moja. Nikifa, au nikilala nisiinuke, mtu mwingine atamshika Hajra, na mtu huyo hatajua lolote. Basi naandika.

Hajra alizaliwa mwaka 1990. Mikono yake miwili ilikunjika viwikoni tangu tumboni na haikunjuki. Miguu imepishana. Mguu wa kulia peke yake ndio unaomtii, kuanzia gotini hadi vidoleni. Hajawahi kutembea, wala kukaa bila kuegemezwa. Maneno yake hutoka kwa kuvutwa, moja moja, na wageni hudhani hana akili. Anazo kuliko wengi niliowafundisha kwa miaka thelathini na sita. Nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe, na kurasa huzifungua kwa kidole gumba cha mguu.

Alale ubavu wa kushoto. Ageuzwe kila baada ya saa tatu, la sivyo ngozi ya nyonga huchubuka. Uji uwe mwepesi, kidevu kiinamishwe kidogo anapomeza. Maji ya kuoga yawe ya vuguvugu. Anapokasirika hufumba macho, asilazimishwe kuyafumbua.

Baba yake alifariki mwaka 2003. Tangu hapo ni mimi tu.

Jumapili, 8 Septemba

Imrani, mwanangu mkubwa, amekuja kutoka Ruangwa. Ana duka la vipuri vya pikipiki na nyumba yenye chumba cha nyuma. Anataka kumchukua Hajra msimu wa korosho ukiisha. Atatafuta msichana wa kumwangalia.

"Mama, umechoka. Kila mtu anaona isipokuwa wewe."

Nilikubali. Hajra, aliyekuwa amelala mkekani, akasema neno. Imrani hakulielewa, akanitazama.

"Anasema ni sawa," nikamwambia.

Hakusema ni sawa. Alisema, "Mimi si gunia." Niliona hakuna haja ya kumvunja moyo kaka yake, aliyetoka mbali.

Jumanne, 10 Septemba

Safina sasa huja kila asubuhi kabla ya kwenda kuuza. Humtoa Hajra kitandani, humweka mkekani kivulini, humlisha uji. Leo nilimwomba amwogeshe. Alikataa.

"Kumbeba nitambeba, Mwalimu. Kumwogesha siwezi."

"Kwa nini?"

"Hajachezwa unyago. Angekuwa mtoto mdogo, ningemwogesha. Angekuwa mwanamke mwenzangu aliyepita unyagoni, ningemwogesha. Huyu sijui nimweke wapi."

Nilimwambia kwamba huo ni ujinga. Aliniambia, "Haya," akabeba beseni lake akaenda.

Nilimwogesha mwenyewe nikiwa nimekaa kigodani. Ilichukua saa nzima.

Jumamosi, 14 Septemba

Upepo mkali. Korosho za kwanza zimeanguka.

Jumapili, 15 Septemba

Mgongo.

Jumatano, 25 Septemba

Tunaokota. Yaani wanaokota vibarua wawili, mimi natenganisha korosho na mabibo nikiwa nimekaa. Hajra huchambua mkekani: zilizonyauka na zenye madoa huzisukuma kando kwa vidole vya mguu. Hakosei. Yeye peke yake katika nyumba hii anafanya kazi bila kulalamika, na hilo linanichosha kuliko malalamiko.

Jumatatu, 30 Septemba

Leo Hajra aliniambia anataka kuchezwa. Wali, wasichana wa unyago, wataingia ndani Desemba, shule zikifungwa.

"Wale ni wasichana wa miaka kumi na mitatu," nikasema. "Wewe una nywele nyeupe mbili."

"Tatu," akasema.

Nilimweleza kwamba haiwezekani. Alifumba macho, akabaki hivyo hadi alasiri.

Nami nilichezwa, mwaka 1970, huko Ruponda. Yaliyo ndani hayaandikwi, nami siyaandiki. Lakini mwaka 2004, Hajra alipotimiza miaka kumi na minne, nilisema hapana. Nilikuwa mwalimu, na kila Januari nilihesabu wasichana ambao hawakurudi darasani baada ya ngoma. Hiyo ndiyo sababu niliyoitoa mbele za watu. Sababu nyingine sikuitoa. Sikutaka wanawake wa hapa Lionja wauone mwili wa mwanangu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Leo ninaandika kirefu.

Safina alimleta Bi. Mwanamvua, kungwi, bila kuniomba ruhusa. Ni mwanamke wa miaka sabini na zaidi, mfupi, mwenye macho ya mtu asiyependa kupotezewa wakati. Alikaa mkekani karibu na Hajra, akamtazama akichambua korosho, kwa muda mrefu.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye," nikasema.

"Sikukuuliza wewe." Akamgeukia Hajra. "Wewe, unataka nini kwangu?"

Hajra alizungumza. Alizungumza kwa dakika kadhaa, shingo ikimtetemeka, mate yakimtoka, nami nikawa namfuta. Alipomaliza nikasema, "Anasema anakushukuru kwa kuja kumtazama."

Safina, aliyekuwa ameshika bibo mkononi, aliangua kicheko. "Mwalimu! Hajasema hivyo hata kidogo."

"Amesema nini?" kungwi akauliza.

"Amesema amechoka kuitwa mtoto. Amesema wanawake wakiwa wanazungumza, akiletwa yeye wananyamaza. Na watoto wakiwa wanacheza, akiletwa wananyamaza pia. Hana pa kukaa. Amesema kama huwezi kumcheza umwambie yeye mwenyewe, usimwambie mama yake."

Nilimtazama Hajra. Aliinamisha kidevu mara mbili, ambayo ndiyo "ndiyo" yake.

Kwa miaka thelathini na minne nimeamini kwamba katika kata nzima ya Lionja ni mimi peke yangu ninayeelewa maneno yake. Muuza bagia ameyajua kwa wiki tano.

"Mama yako, aliyekuwa kungwi kabla yako, alisema haiwezekani," nikamwambia kungwi, kwa sababu ilinilazimu kusema kitu. "Miaka ishirini iliyopita. Alisema mwali asiyeweza kucheza hachezwi."

"Mama alisema hivyo kwa sababu ulisimama mlangoni kwake ukasema unyago ni ushenzi. Ulitaka akubembeleze?"

Ni kweli nilisema hivyo.

Kisha Bi. Mwanamvua alieleza. Kucheza si miguu, alisema. Mwali kazi yake ni kukaa, kuinamisha kichwa na kusikiliza. Shida ni somo. Kila mwali huwa na somo, mwanamke mzima anayemshika ndani, anayemwogesha, na siku ya kutoka humbeba mgongoni mbele ya watu. Baada ya hapo huyo ndiye mtu wake. Akiugua, ni somo. Akiwa na siri, ni somo. Si kwa wiki moja. Ni hadi kaburini.

"Wengine humhitaji somo mara tatu kwa mwaka, basi," alisema. "Huyu atamhitaji kila siku. Nani atakubali?"

"Nitatuma watu wakaulize," nikasema.

"Hutatuma mtu. Somo huombwa na mama mtu mwenyewe, nyumbani kwa somo, kabla jua halijatoka, kwa unga na kuku. Ukituma, si somo. Na mtu akijitolea mwenyewe, huyo naye si somo, ni kiherehere."

Safina aliendelea kutenganisha korosho. Hakuinua uso.

"Na jambo la mwisho, Mwalimu. Ukimtoa mkononi, umemtoa. Mwanamke mzima haogeshwi na mama yake. Hutamwona tena bila nguo. Hutaingia alikolala bila hodi, na akisema subiri, utasubiri."

"Mimi ndiye ninayejua namna ya kumgeuza," nikasema.

"Utamfundisha somo. Si ualimu ndiyo kazi yako?"

Jumanne, 15 Oktoba

Nimekwenda kwa wifi yangu Samia kabla ya alfajiri, na unga na kuku. Alisema, "Wifi, mimi na huu mguu wangu?" Mguu wake ulikuwa mzima juzi harusini.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mjane mmoja, binti wa rafiki yangu, mtu mwema. Alinisikiliza hadi mwisho. "Mwalimu, somo hubeba. Nitambeba mpaka lini?" Hakunidanganya, nami nilimheshimu kwa hilo. Nilirudi na kuku wangu.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mwanamke wa tatu alikubali asubuhi. Saa kumi jioni alimrudisha kuku akiwa hai, miguu imefungwa kwa kamba ileile niliyomfungia. Mumewe amekataa.

Niandike ukweli, kwa kuwa nikiwa hai hakuna mwingine anayesoma daftari hili. Kila walipokataa, nilijisikia nimepumzika. Nikarudi nyumbani, nikapasha maji.

Jumatatu, 28 Oktoba

Hajra hasemi nami ninapomwogesha. Anatazama ukuta.

Jumapili, 3 Novemba

Joto. Gunia la kumi na moja limejaa.

Jumatano, 6 Novemba

Hakuna jipya. Nimechoka.

Jumapili, 10 Novemba

Nimemwangusha.

Nilikuwa kigodani, yeye amelala sakafuni bafuni juu ya mfuko wa plastiki niliotandika, nikimgeuza kumsugua mgongo. Kiuno kilinikata ghafla, mkono ukaachia, naye akateleza kwenye simenti yenye sabuni akagonga paji la uso pembeni mwa ndoo. Damu ilitoka nyingi. Sikuweza kuinama kumfikia. Nilibaki nimekaa pale kigodani, umbali wa hatua moja, nikimtazama mwanangu akivuja damu kwenye maji, nami nikiwa na mikono miwili mizima.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini.

Safina alikuja mbio. Alisimama mlangoni mwa bafu, akaona Hajra hana nguo, akasita. Niliuona mwili wake ukisita. Kisha alivua kanga yake mwenyewe ya juu, akamfunika Hajra mzima kwanza, ndipo akamnyanyua. Hata katika hali ile hakumtazama.

Nyuzi tano, Mnero.

Jumanne, 12 Novemba

Imrani amekuja. Aliona bandeji, akakaa nje na kutazama ardhi. Kisha alisema hakuna cha kusubiri msimu. Atakuja na gari tarehe ishirini na nne.

"Hajra anasemaje?" nikauliza.

Alinishangaa, maana hatujawahi kumwuliza. Tukaingia ndani. Hajra alisema taratibu, na safari hii niliyarudia maneno yake kama yalivyotoka:

"Ruangwa nitakuwa chumba cha nyuma. Hapa kuna watu wanaonijua. Nikienda huko, nitakufa mtoto."

"Hafi mtu, Hajra," Imrani akasema.

"Mama atakufa. Mimi nitabaki na wewe. Wewe utaniogesha?"

Imrani alitoka nje. Nilimsikia akipenga kamasi. Aliondoka bila kula.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimewaza jambo ambalo nimekuwa nikilikimbia tangu Oktoba.

Safina amekuwa akija katika nyumba hii kila siku kwa miezi miwili na nusu. Jina la mwanamke mwingine likitajwa, hunyamaza. Nikirudi na kuku wangu, humtazama yule kuku, kisha hunitazama mimi. Nilidhani ni umbea. Hakuwa na la kufanya ila kunitazama: angejitolea, asingekuwa somo.

Nilikwenda kwa watu watatu nikapita mlangoni kwake mara zote tatu.

Jumanne, 19 Novemba

Nilitoka kabla ya adhana ya alfajiri, fimbo mkono mmoja, kuku mkono mwingine, unga kichwani, jambo ambalo Sista Letisia asingeliruhusu. Nyumba tatu tu. Nilipumzika mara mbili.

Safina alikuwa uani, kikaango motoni.

"Mwalimu? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kuomba."

Alimwona kuku. Alijifuta mikono kwa kanga, akavuta kigoda akakaa. Mwombaji hukaa chini. Nilianza kushuka. Aliona jinsi ninavyoshuka, mikono yake ikaja mbele kunisaidia, kisha akairudisha mapajani, kwa sababu jambo lilitaka kufuatwa lilivyo. Nilifika chini.

"Naomba uwe somo wa mwanangu Hajra."

Hakugeukia kikaango. Bagia zikaanza kunuka kuungua.

"Kwa nini mimi wa nne, Mwalimu?"

"Kwa sababu nilikuchapa."

"Ulinichapa kwa jedwali la saba, na jedwali lenyewe silijui mpaka leo." Alicheka peke yake. Halafu akaacha kucheka. "Fimbo haikuniuma. Ulisema mbele ya darasa zima kwamba mimi sitafaa kwa lolote."

"Nilisema hivyo?"

"Hukumbuki?"

"Sikumbuki."

"Basi mimi nimekumbuka kwa ajili yetu wawili."

Nilimwomba msamaha. Nimefundisha watoto zaidi ya elfu moja na sijapata kumwomba hata mmoja msamaha. Maneno yalitoka vibaya, kwa kuvutwa, moja moja. Alinisubiri nimalize.

Kisha alimchukua kuku.

"Nitambeba. Lakini Mwalimu, akisema yeye, wewe nyamaza."

"Nitanyamaza."

"Haya, tutaona. Na hizi bagia umeniunguzia, utazila wewe."

Nilizila.

Jumatano, 20 Novemba

Nimempigia Imrani simu asilete gari. Akauliza, "Ni yeye amesema, au ni wewe?" Nilimpa Hajra simu sikioni, nikatoka nje.

Jumapili, 1 Desemba

Nimemfundisha Safina kwa siku kumi na mbili. Namna ya kumgeuza, namna ya kumlisha, namna ya kumshika shingo. Kwa maneno tu, kwa kutumia mto, kwa kuwa bado haruhusiwi kumshika bila nguo. Ni mwanafunzi mzuri. Sikuwahi kuliona hilo nilipokuwa mwalimu wake.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimemwogesha Hajra kwa mara ya mwisho. Mimi nilimimina maji, kibarua wa kike aliyepita unyagoni akaitwa tu kutusaidia kumtoa bafuni akiwa amekwisha kufunikwa. Sikuharakisha. Nyonga ya kushoto ina kovu la mwaka 1998, alipougua surua nikachelewa kumgeuza. Begani ana alama mbili ambazo baba yake alikuwa akizibusu. Unyayo wa mguu wa kulia ni mgumu kama wa mkulima. Yeye alitazama ukuta, kisha akanitazama mimi.

"Asante, mama," akasema.



Jumamosi, 7 Desemba

Wameingia. Wali ni sita. Mama haendi.

Jumapili, 8 Desemba

Niliamka saa tisa kumgeuza. Kitanda kitupu.

Jumatatu, 9 Desemba

Sijui ameoga saa ngapi. Sijui kama wanamwinamisha kidevu anapomeza.

Jumanne, 10 Desemba

Mvua ya kwanza. Magunia mawili yalikuwa nje. Niliyatazama yakilowa.

Alhamisi, 12 Desemba

Nilikutana na Bi. Mwanamvua njiani. Nilimwuliza hali ya mwanangu. "Mwali yuko salama," akasema, kama anavyowaambia mama wote, akapita.

Jumapili, 15 Desemba

Wametoka leo.

Sisi mama tulisimama katika mstari mbele ya nyumba ya kungwi. Nilikuwa mzee kuliko wote. Wengine ni wanafunzi wangu wa zamani. Imrani alikuwa amekuja, akasimama mbali pamoja na wanaume. Ngoma ilibadilika, vigelegele vikapigwa, na masomo wakatoka mlangoni wameinama, kila mmoja na mwali wake mgongoni.

Nilikuwa nimesahau. Nilichezwa mimi mwenyewe, nilibebwa mimi mwenyewe, na bado nilikuwa nimesahau kwamba siku hiyo hakuna mwali anayetembea. Wote sita walibebwa. Wote walikuwa wamefunikwa kanga za aina moja kuanzia kichwani hadi miguuni, wamekunjwa migongoni mwa masomo wao, na masomo nao walikuwa wamejifunika vichwa. Walizunguka uwanja mara tatu. Watu walikuwa wakiimba kwa Kimwera, wakiwataja wali kwa majina yao mapya, nami nilitafuta.

Nimembeba mtoto huyu kwa miaka thelathini na minne. Najua uzito wake hata nikiwa usingizini. Nilimtazama wa tatu, nikaona bega lililopinda, nikawa na hakika. Nikamtabasamia. Nilimpungia mkono.

Walipofunuliwa, wa tatu alikuwa binti wa fundi baiskeli. Hajra alikuwa wa tano.

Amepakwa mafuta, kichwa kimenyolewa, shingo imeegemezwa kwenye bega la Safina. Safina alikuwa akitweta. Wanawake walimzunguka Hajra na kumwita kwa jina lake jipya, na mmoja akamwambia jambo sikioni, naye akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia nyumbani kwangu. Nilitaka kuuliza amechekeshwa na nini. Nilinyamaza.

Imrani alimkaribia baadaye, kwa haya, kama mtu anayemwamkia dada mkubwa.

"Sasa dada, Ruangwa hutakuja?"

"Nitakuja kusalimia," Hajra akasema. "Na somo wangu."

Jumatatu, 16 Desemba

Nilipasha maji kwa mazoea. Safina alikuja, akayachukua kwangu mlangoni, akafunga mlango. Nilikaa nje nikisikia maji yakimiminwa. Wanacheka humo ndani.

Jumamosi, 21 Desemba

Sijanyanyua kitu tangu tarehe sita. Mgongo una nafuu. Sijui nifanye nini na mikono.

Jumatano, 25 Desemba

Mvua mchana kutwa. Wanawake wanne walikuja kukaa na Hajra chumbani. Nilipeleka chai, nikapiga hodi. Walinyamaza. Nikaacha sinia mlangoni.

Jumapili, 29 Desemba

Jana Safina, ambaye sasa hulala chumbani kwa Hajra ili amgeuze usiku, alikwenda msibani Nachingwea mjini akaahidi kurudi jioni ileile. Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi hii watu walipita wakisema barabara imekatika na magari yamelala huko.

Saa kumi na mbili nilikwenda mlangoni kwa Hajra.

"Hodi."

"Mama."

"Safina hajarudi. Barabara imekatika."

"Najua. Nimewasikia watu."

"Umelowa?"

"Nimelowa."

"Tangu saa ngapi?"

"Usiingie, mama."

"Ngozi itachubuka. Hujageuzwa tangu jana."

"Najua ngozi yangu. Usiingie."

Nilikuwa nimekwisha kushika mlango. Hauna komeo kwa ndani. Mimi ndiye niliyemwambia seremala aliweke nje, ili niweze kuingia kila wakati. Hajra hawezi kunizuia. Hajawahi kuweza kunizuia kwa lolote tangu azaliwe: nilimvalisha nilichotaka, nikamlisha nilichopika, nikamsemea nilichoona kinafaa. Ningeingia, ningemsafisha kwa nusu saa, na hakuna mtu Lionja ambaye angejua isipokuwa sisi wawili. Mikono yangu ilitaka. Sijui kueleza vingine; ilitaka yenyewe.

"Na asipokuja?" nikauliza.

"Saa sita ikifika, utamwita Bi. Mwanamvua. Si sasa."

"Utakaa hivyo hadi saa sita?"

"Nitakaa."

Niliondoa mkono mlangoni. Nilikwenda kuchukua kiti cha mbao, nikakiburuta, kwa kuwa kukibeba siwezi, nikakiweka hapohapo nje ya chumba chake. Alisikia mburuto.

"Unafanya nini?"

"Ninaleta kiti."

"Mama."

"Ndiyo."

"Mgongo unaumaje leo?"

Nilikuwa natafuta katika kumbukumbu kama amewahi kuniuliza, na sikuona. Pengine amewahi, nikamjibu mwenyewe kabla hajamaliza.

"Unauma," nikasema.

"Sana?"

"Sana. Hasa asubuhi."

"Basi kaa."

"Nimekaa."

Tulizungumza hadi mvua ikapungua. Aliniuliza kuhusu magunia yaliyolowa, na kama kweli nililia siku ya kutoka kwao au Safina anatia chumvi. Nilimwambia nilimpungia mkono binti wa fundi baiskeli. Alicheka hadi akapaliwa. Nilisimama nikasikiliza akikohoa peke yake, akameza, akatulia. Nikakaa tena.

Safina alifika saa nne kasoro robo. Alikuwa ametembea kutoka pale gari lilipokwama, matope hadi magotini, viatu mkononi. Alipita mbele yangu bila salamu, akapiga hodi, na mwanangu akamwambia karibu.